Wiki ya pili na mba bado ipo: dawa haijakataa

Swali

Assalamu alaykum daktari. Mimi ni mama wa miaka 31, naishi Langoni, Lamu. Mwaka mzima sasa kichwa kinaniwasha na kutoa magamba ya manjano yenye mafuta, zaidi kwenye ukingo wa nywele na nyuma ya masikio. Pembeni mwa pua na katikati ya nyusi ngozi inabanduka, na imeacha mabaka meupe. Duka la dawa walinipa krimu ya mseto yenye betamethasoni, jentamaisini na klotrimazoli. Nikiipaka natulia siku tatu, nikiacha inarudi. Sasa nimeanza shampuu ya ketokonazoli, hii ni wiki ya pili, na mba iko pale pale. Nikishaosha napaka mafuta ya nazi kama tulivyozoea. Mtoto wangu wa miezi mitatu naye ana ukoko utosini. Nimemwambukiza? Na harusi ya mdogo wangu ni baada ya wiki sita. Nitapona kabla ya hapo?

Jibu

Wa alaykum salaam, dada yangu. Nianze na yale yanayokukosesha usingizi. Kichwa chako kinaweza kuwa safi kufikia siku ya harusi. Mabaka meupe ya usoni hayatakuwa yamekwisha yote, na ni afadhali ulijue hilo leo kuliko kulijua siku tatu kabla ya shughuli ukaanza kupaka kila utakachoambiwa. Mtoto hujamwambukiza. Na shampuu haijakataa: jioni unamuua kuvu kwa dawa, na usiku ule ule unamwandalia chakula kwa mafuta ya nazi.

Sijaiona ngozi yako, lakini ulivyoeleza kunaelekea kwenye ugonjwa unaoitwa demataitisi ya seborea. Haya magamba hupenda sehemu zenye tezi nyingi za mafuta: utosi, ukingo wa nywele, nyusi, mikunjo ya pua, ndani na nyuma ya masikio, katikati ya kifua, na kwa wanaume ndani ya ndevu. Mba ya kawaida, ile inayodondoka mabegani kama unga bila wekundu wala maumivu, ni ugonjwa huu huu ukiwa mwepesi. Kwa ngozi nyeusi wekundu wenyewe hauonekani sana. Huonekana doa la hudhurungi iliyoiva, au kinyume chake, doa lililopauka kama lako.

Kuvu anayehusika anaitwa Malassezia, jina lililotokana na la Mfaransa Louis-Charles Malassez wa karne ya 19. Ni kuvu wa namna ya hamira, na anaishi kwenye ngozi ya kila mtu mzima, mwenye mba na asiye na mba. Ndiyo maana ugonjwa huu hauambukizi: huwezi kumpa mwenzio kitu ambacho tayari anacho. Watu wengi huita mba yale madoa yaliyopauka ya kifuani na mgongoni pia, na jina hilo limekaa mahali pake, kwa sababu na yale huletwa na kuvu wa jamii hiyo hiyo.

Sasa shika neno hili moja, maana ndilo linalokuangusha. Malassezia hawezi kujitengenezea asidi za mafuta anazohitaji ili aishi. Lazima azipate nje. Kwa kawaida anazipata kwenye mafuta yanayotoka ngozini: anayavunja, anachukua sehemu anayoitaka, na kuacha mabaki, hasa asidi ya oleiki. Mabaki hayo ndiyo yanayoichokoza ngozi ya mtu aliyeumbwa na wepesi wa kuchokozeka. Ngozi ikichokozwa hujibu kwa kuzalisha seli haraka kuliko kawaida, nazo hubanduka zikiwa zimeshikana na mafuta, na hayo ndiyo magamba ya manjano. Wataalamu wa maabara wakitaka kumwotesha kuvu huyu kwenye sahani, mojawapo ya njia za tangu zamani ni kuifunika rojo ya lishe iliyo kwenye sahani hiyo kwa mafuta ya mzeituni. Bila mafuta aina nyingi za jamii yake hazioti hata kidogo. Sasa fikiria mtu mwenye ugonjwa huu anayejipaka mafuta ya mzeituni kichwani kila usiku.

Mafuta ya nazi karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, na hiyo nayo ni ya urefu ambao kuvu huyu anaweza kuutumia. Habasoda, ufuta, samli, mafuta ya mzeituni: yote yana asidi za namna hiyo kwa viwango mbalimbali. Najua hapa kwetu kichwa kisichopakwa mafuta huonekana kama nyumba isiyofagiwa, na bibi zetu walipaka nazi maisha yao yote wakawa na nywele za kufika kiunoni. Hawakukosea. Wengi hupaka bila kudhurika kwa kuwa ngozi zao hazigombani na kuvu huyu. Yako inagombana. Ukiona gamba unadhani ni ukavu, unapaka. Mafuta yanalilaza gamba lisionekane kwa siku mbili, chini yake kuvu anakula, na siku ya tatu unawashwa zaidi. Kisha unapaka tena.

Sikuambii uache mafuta milele. Nakuambia kwa wiki hizi sita yasiguse ngozi ya kichwa. Nywele zenyewe, kuanzia katikati hadi ncha, zipake nazi kidogo upendavyo, maana nywele ni uzi mfu na haziugui mba. Ukihisi ngozi ya kichwa imekaza, tumia mafuta ya maji ya watoto yaliyotengenezwa kwa madini, ambayo chupani huandikwa paraffinum liquidum. Hayo hayana asidi za mafuta na kuvu hawezi kuyala. Tafadhali usilichanganye jina hilo na parafini ya taa. Mafuta ya taa yanachoma ngozi, na hayana nafasi kichwani pa mtu yeyote.

Tuje kwenye kuosha, maana shampuu nzuri hupotea bure mikononi mwa mwenye haraka. Chagua siku mbili za wiki zilizoachana, tuseme Jumatatu na Alhamisi. Kama umesuka, fumua kwa wiki nne hizi. Ikibidi kusuka, suka mistari mikubwa iliyolegea inayoacha ngozi wazi. Lowesha kichwa mpaka maji yafike kwenye ngozi. Osha kwanza kwa shampuu ya kawaida uondoe jasho na mafuta ya juzi, kwa sababu dawa ikimwagwa juu ya utando wa mafuta itaelea hapo hapo. Usitumie sabuni ya kipande. Maji mengi ya visima vyetu yana munyu na madini, na sabuni ya kipande ikikutana nayo hugandana ikaacha utando mweupe kwenye nywele, nawe ukadhani mba imezidi. Shampuu haina tatizo hilo kwa kiasi kile. Ukiwa na maji ya mvua, yaweke kwa kata tatu nne za mwisho za kusuuza.

Kisha pima shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2: vijiko viwili vya chai, yaani kama mililita 10. Usiimwage katikati ya utosi ukaanza kufikicha nywele kama anayefua leso. Gawanya nywele kwa kitana, mstari hadi mstari upana wa kidole kimoja. Dondosha dawa kwenye ule mstari mweupe wa ngozi, ipapase kwa nyama ya ncha za vidole, halafu nenda mstari wa pili. Kucha ziweke mbali. Kila mkwaruzo ni mlango wa bakteria, na kichwa kilichokwaruzwa huchonyota kikiguswa na dawa, kisha dawa ndiyo inayolaumiwa. Povu linalobaki lipitishe kwenye ukingo wa nywele, nyuma ya masikio na kwenye nyusi, macho ukiwa umeyafumba.

Sasa ngoja dakika 5. Ziangalie kwenye saa, kwa sababu dakika 5 za mtu mwenye povu kichwani na mtoto anayelia chumbani huwa ni dakika moja na nusu. Dawa inahitaji muda huo ili iingie kwenye tabaka la juu la ngozi. Ukisuuza mapema dawa inaishia bafuni bure. Suuza vizuri mpaka vidole vihisi nywele hazitelezi, paka kondishena kwenye ncha tu, futa kwa taulo, uache kichwa kikauke. Hapa wanawake wengi wa Pwani hukosea bila kujua: wanaosha magharibi, wanafunga mtandio nywele zikiwa bado majimaji, wanalala nao. Unyevu na joto vikifungiwa pamoja hali ya ngozi inaharibika. Osha alasiri ukiwa huna safari, ukae kichwa wazi ndani ya nyumba. Mitandio na vilemba vya ndani vifuliwe kila baada ya kuvivaa siku moja au mbili. Pamba nyepesi ni bora kuliko nailoni. Kaka anayesoma haya, kofia yako ya kazi nayo ifue. Ile nzuri ya Ijumaa pengine ndiyo inayofuliwa, hii ya kila siku inasahaulika na jasho lake.

Kwa mililita 10 kila safari, mara mbili kwa wiki, chupa ya mililita 100 hudumu wiki tano. Ikiwa yako ina miezi mitatu na bado imejaa nusu, hapo penyewe pana jibu la kwa nini hupati nafuu.

Magamba yakiwa mazito kama ganda la ubuyu, dawa haitapenya. Saa moja au mbili kabla ya kuosha, lainisha kwa yale mafuta ya madini, kisha yatoe yote kwa shampuu ya kawaida kabla ya ketokonazoli. Shampuu yenye asidi ya salisiliki nayo huyalegeza. Ukikosa ketokonazoli madukani, shampuu ya seleniamu salfaidi ya asilimia 2.5 inafaa, ila vua vipuli na pete za fedha kabla ya kuigusa kwa sababu huzitia weusi, na nywele zilizopakwa rangi au hina zinaweza kubadilika. Zinki piritioni ya asilimia 1 ni laini zaidi, nzuri kwa mba nyepesi.

Umeuliza itachukua muda gani. Kuwashwa ndiko kunakotangulia kuondoka. Mara nyingi baada ya kuosha mara tatu au nne mtu huhisi tofauti. Katika siku hizo hizo za mwanzo magamba yanaweza kuonekana yameongezeka, na hapo ndipo watu huitupa dawa. Yale ni magamba ya zamani yanayolegea na kutoka. Kati ya wiki ya pili na ya nne yanapungua, yanakuwa madogo na makavu badala ya manjano ya mafuta. Kufikia wiki ya nne, mtu aliyeosha ipasavyo kwa kawaida kichwa chake ni safi au kinakaribia. Hesabu hii haitokani na nguvu ya dawa peke yake. Ngozi yenyewe huchukua kama wiki nne kujibadilisha kutoka chini hadi juu, na hakuna dawa ya kupaka inayoiharakisha bila kuidhuru. Wewe uko wiki ya pili, na hizo mbili umezipitisha ukipaka nazi juu ya dawa, kwa hiyo zihesabu kama hazijaanza. Anza upya Jumatatu hii. Wiki nne zikitimia bado utakuwa na mbili kabla ya harusi.

Usoni kuna habari nyingine, na ndipo ninapokusihi sana. Ile krimu ya mseto iweke chini. Betamethasoni ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, tena yenye nguvu. Inatuliza haraka, ndiyo maana inapendwa, na ndiyo maana inauzwa kwa kila anayejikuna, ila kwenye uso hairuhusiki kuwa mazoea. Ngozi ya uso ni nyembamba, hunywa dawa zaidi ya ngozi ya mkono, na baada ya wiki kadhaa za kupaka na kuacha huanza kusinyaa, kutoa vipele vidogo kuzunguka mdomo na pua, na mishipa midogo kujitokeza. Karibu na macho inaweza kupandisha shinikizo la ndani ya jicho. Steroidi peke yake inaweza kupausha ngozi, kwa hiyo sehemu ya mabaka yako huenda imetoka kwenye tyubu ile. Jentamaisini nayo ni ya bakteria, na ugonjwa huu hauhitaji dawa ya bakteria.

Badala yake paka klotrimazoli ya asilimia 1 peke yake, au krimu ya ketokonazoli ya asilimia 2, asubuhi na usiku kwa wiki nne. Kwa siku 5 hadi 7 za mwanzo tu, pale palipovimba na kuwasha, ongeza haidrokotisoni ya asilimia 1 mara moja kwa siku, usiku, kisha uiache. Hiyo ni steroidi dhaifu na kwa siku hizo chache haina madhara ya yule ndugu yake mkubwa. Kipimo: kamua krimu kwenye kidole cha shahada kuanzia ncha hadi mstari wa pingili ya kwanza. Hiyo ni karibu nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, na kwa nyusi na pande za pua haifiki hata kuisha. Safu nene haiponyi haraka. Inaziba tu. Uoshe kwa sabuni laini isiyo na harufu, na kwa wiki hizi usipake udi wa mafuta, halwaridi wala manukato ya spiriti kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, pale wengi tunapopaka kwanza. Paka kwenye nguo.

Kuna jambo la kujiandaa nalo. Ikiwa krimu ya mseto ulikuwa ukiipaka karibu kila siku kwa miezi, ukiiacha uso unaweza kuchachamaa kwa siku kadhaa hata wiki chache: moto, wekundu, vipele. Hapo mtu hukimbilia tyubu ile ile, ikamtuliza, na mzunguko ukaanza tena. Ukiona hivyo usirudi nyuma, nenda ukaonwe. Daktari anaweza kukupa krimu ya takrolimasi au pimekrolimasi, ambazo hutuliza uvimbe bila kuwa steroidi. Bei yake ni kubwa, lakini kwa uso uliozoea steroidi zina faida.

Magamba ya uso huisha ndani ya wiki moja au mbili. Rangi ndiyo inayochelewa. Doa lile limepauka kwa sababu uvimbe uliwavuruga watengenezaji wa rangi ya ngozi. Hawajafa, wamezubaa, na huanza kazi upya ugonjwa ukishatulia kwa muda. Hesabu miezi miwili, mitatu, wakati mwingine sita. Jua likizidi, ngozi ya pembeni huiva ikaacha doa lionekane zaidi, basi jikinge unapopita barazani mchana au ukivuka kwenda Mokowe. Siku ya harusi pambwa, paka fondesheni, hakuna ubaya ngozi ikiwa imetulia. Ioshe usiku huo huo. Lakini asikudanganye mtu na krimu ya kusawazisha rangi. Nyingi za kujichubua zina haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali kama klobetasoli, na zitakurudisha nyuma kuliko ulikoanzia.

Harusi ina hatari nyingine, nayo ni piko. Kuna mwenye kutia nywele weusi kwa piko au rangi nyeusi ya unga siku za shughuli, na ndani yake huwa na kemikali iitwayo PPD. Kwa mtu mwenye ngozi iliyochubuka kichwani inaweza kuzusha mzio wa kutisha: kichwa kinavimba, macho yanafumba, majimaji yanatoka. Kwa shughuli hii usitie piko kichwani. Hina ya asili ya mikononi na miguuni haina neno.

Utaambiwa mengi, nami nitaje machache. Ndimu kichwani au usoni, hapana. Maji ya ndimu yakipigwa na jua ngozini huunguza kabisa, yakaacha malengelenge na kisha weusi wa wiki nyingi. Siki, kitunguu saumu na jivu huchoma tu. Liwa ya msandali ni baridi na nzuri kwa ngozi nzima, lakini ikikauka juu ya gamba na ukaisugua, unachubua. Asali ina hoja: jaribio dogo la mwaka 2001 la wagonjwa 30 lilitumia asali ghafi iliyopunguzwa kidogo kwa maji ya uvuguvugu, ikapakwa siku moja na kupumzishwa moja, ikaachwa saa tatu kabla ya kuoshwa, na wengi walipata nafuu ndani ya wiki chache. Ni kazi ya kunata, watu waliojaribiwa ni wachache, na shampuu ni rahisi zaidi, ila anayependa asali simkatazi. Kwamba damu yako ni chafu na inahitaji kusafishwa, hilo halina msingi. Bahari nayo haiponyi mba; ukiogelea, suuza chumvi kwa maji matamu.

Kuhusu mtoto. Ukoko wa utosini kwa mtoto mchanga ni jamaa wa ugonjwa wako, hutokea katika miezi ya mwanzo na kwa wengi hutoweka wenyewe kabla ya kutimiza mwaka. Haumuumi wala haumwashi. Mpake mafuta ya madini kidogo, acha robo hadi nusu saa, sugua taratibu kwa brashi laini ya watoto, kisha mwoshe kwa shampuu ya watoto uyatoe yote. Usibandue kwa kucha. Asidi ya salisiliki na krimu yako usimguse nazo, maana ngozi yake hunywa dawa haraka. Akitokea na wekundu mikunjoni mote, majimaji, au anagoma kuongezeka uzito, aonwe. Na kwa kuwa unanyonyesha, shampuu ya ketokonazoli unayoisuuza haina shida. Angalia tu usipake krimu kifuani anapolaza mdomo.

Kuna wanaopewa vidonge vya ketokonazoli kwa ajili ya mba. Vikatae. Mwaka 2013 mamlaka za dawa za Marekani na za Ulaya zilitoa maonyo mazito juu ya vidonge hivyo kwa sababu vinaweza kuharibu ini vibaya. Shampuu na krimu zake hazina hatari hiyo. Ugonjwa ukiwa mkali sana, daktari ana vidonge vingine vya kuchagua.

Baada ya wiki nne usiache ghafla. Hili ni gumu kulimeza, lakini ugonjwa huu hauondoki moja kwa moja, kwa kuwa kuvu na tezi za mafuta ni wakazi wa kudumu. Endelea kuosha kwa dawa mara moja kwa wiki hadi harusi ipite, halafu mara moja kila wiki mbili. Anayeacha siku kichwa kilipong'aa hurudi mwanzo baada ya wiki au miezi michache. Vitabu vingi vya ngozi vimeandikwa nchi za baridi na husema mba huzidi majira ya baridi. Kwetu angalia zaidi siku za kaskazi zenye joto na jasho, siku za uchovu na za usiku usiolala, na mwanamke aliyejifungua karibuni anazijua hizo. Ukihisi mwasho wa kwanza, usingoje gamba. Rudi kwenye Jumatatu na Alhamisi kwa wiki mbili.

Ukitimiza wiki nne kama nilivyoeleza na hakuna kilichobadilika, basi huenda si ugonjwa huu. Magamba mazito ya rangi ya fedha yenye mipaka iliyokatika, yakiwa pia viwikoni na magotini, yanaelekeza kwenye soriasisi. Sehemu iliyonyonyoka nywele zikakatika ni mapunye, hasa kwa mtoto wa umri wa shule, na hayo hutibiwa kwa vidonge vya wiki kadhaa, shampuu haitoshi. Makovu yanayong'aa ndani ya sikio au kichwani pasipoota tena nywele yasicheleweshwe hata wiki. Usaha, maumivu, homa, vivyo hivyo. Na mtu ambaye ugonjwa huu umemjia ghafla, mkali, umeenea uso na kifua, au anapungua uzito, apime virusi vya UKIMWI, kwani seborea kali wakati mwingine ni dalili ya kinga iliyoshuka. Wengi wenye mba hawana virusi, wewe usijitie hofu. Kipimo ni bure katika hospitali za umma, nacho hujibu swali siku hiyo hiyo.

Ukienda kuonwa, iwe hapo hospitali ya King Fahd au kwa daktari wa ngozi ukivuka kwenda Malindi au Mombasa, usipake kitu kichwani wala usoni siku hiyo, ili ngozi ionekane ilivyo. Chukua kila chupa na kila tyubu uliyotumia mwaka huu. Ile ya mseto ichukue pia, hata ikiwa imekwisha, kwa sababu majina yaliyoandikwa ubavuni mwake ndiyo atakayotaka kuyasoma kwanza.